Sura ya Nne: Taa na Maji ni Hesabu Moja

Mwaka 1961 jarida la Kimarekani la Tropical Fish Hobbyist lilichapisha makala ya Lee Chin Eng, mfugaji wa samaki wa Jakarta, Indonesia. Alieleza jinsi alivyoyatunza matumbawe hai ndani ya tangi bila mitambo ya maana: mawe hai kutoka baharini, maji ya bahari, mapovu ya hewa na mwanga wa jua. Wakati huo wafugaji wengi wa Ulaya na Marekani walipamba matangi yao kwa mifupa myeupe ya matumbawe yaliyokwisha kufa, kwa sababu yaliyo hai hayakudumu mikononi mwao.

Lee alikuwa na vitu viwili ambavyo wenzake wa mbali hawakuwa navyo: jua la ikweta na bahari ya jirani. Mkazi wa Berlin hana hata kimoja. Ndiyo maana miaka ya 1980 wafugaji wa mji huo walijijengea njia yao: mawe hai, skima inayotoa uchafu majini kwa povu, taa kali za halidi, na maji ya chokaa. Vifaa vimebadilika sana tangu hapo, lakini ukikagua rafu za duka lolote la akwaria utaona karibu kila kifaa kina kazi moja kati ya mbili: kushika nafasi ya jua, au kushika nafasi ya bahari.

Sura hii inahusu kazi hizo mbili, na hoja yangu ni kwamba hazitenganishiki. Taa ndiyo inayoamua tumbawe litakua kwa kasi gani, na kukua kwake ndiko kunakoamua litachota nini majini. Wanaoanza wengi hununua taa kwanza, kisha husoma habari za maji matatizo yakishaingia. Mimi nataka uzipange zote mbili siku moja, na kila unapoongeza moja uiangalie na ya pili.

Tumbawe linataka mwanga gani

Tumbawe ni mnyama. Ndani ya tishu zake huishi mwani wa chembe moja, kwa malaki na hata mamilioni katika kila sentimita moja ya mraba. Mwani huo hutengeneza sukari kwa mwanga na kumpa mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula anachohitaji. Ukilinyima mwanga tumbawe la namna hii, umelinyima chakula.

Lakini mwanga wa mwambani si mwanga wa uani. Maji huchuja rangi. Nyekundu hupotea ndani ya mita chache za kwanza, na buluu hushuka mbali kuliko zote. Mzamiaji akijikwaruza kwenye kina cha mita ishirini huona damu yake ikiwa na rangi ya kijani. Mwani wa matumbawe umezoea hali hiyo. Una klorofili na rangi nyingine iitwayo peridinini, ambazo kwa pamoja hunasa vizuri mwanga kuanzia zambarau hadi kijani-buluu. Hii ndiyo sababu taa za LED za matumbawe zimejaa buluu. Nyeupe huongezwa zaidi kwa ajili ya macho yetu.

Unaponunua taa, usidanganywe na wati. Wati hueleza umeme unaotumika tu. Kipimo cha luksi nacho kimetengenezwa kwa kufuata jicho la binadamu, ambalo huona kijani vizuri na buluu kwa shida, hivyo hupunja taa za buluu. Kipimo cha wafugaji wa matumbawe ni PAR, yaani idadi ya chembe za mwanga zinazofaa kwa usanisinuru zinazoangukia mita moja ya mraba kila sekunde. Jua la utosi katika nchi za joto hutoa PAR ya takriban 2000 juu ya uso wa bahari. Matumbawe laini, kama Sarcophyton na Discosoma, huridhika na 50 hadi 150. Yenye mifupa na polipu kubwa, kama Euphyllia, hupenda kiasi hicho hicho au zaidi kidogo. Acropora na wenzake wenye polipu ndogo huhitaji 200 hadi 350. Angalia namba hizo vizuri: hata Acropora, maarufu kwa kupenda mwanga, hustawi nyumbani kwa chini ya moja ya tano ya jua la adhuhuri.

Basi kwa nini tusiongeze tu? Kwa sababu mwani una kikomo cha mwanga unaoweza kuutumia. Mwanga unaozidi hapo huzalisha aina za oksijeni zenye sumu ndani ya tishu, na tumbawe huitikia kwa kuutoa nje mwani wake. Nyama hubaki angavu, mfupa mweupe huonekana kupitia ngozi, na mnyama huanza kufa njaa. Huko ndiko kupauka. Mwaka 1998 sehemu kubwa ya miamba ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, pamoja na ya Kenya na Tanzania, ilipauka maji yalipopata joto kupita kiasi chini ya jua kali. Mfugaji anaweza kuyaleta maafa hayo sebuleni kwake kwa siku chache tu: anafunga taa mpya, anaiweka kwenye asilimia mia, na chumba chenyewe kina joto.

Anza na taa kwenye asilimia 30 hivi ya nguvu yake, na upandishe asilimia tano kwa wiki. Saa nane hadi kumi kwa siku zinatosha, na kazi ya kuwasha na kuzima mpe saa ya kutegesha, kwa sababu mkono wa mtu husahau. Tumbawe jipya likae chini kabisa ya tangi wiki mbili kabla ya kulipandisha. Kisha lisome. Likififia kuanzia upande wa juu na polipu zikijikunja mchana kutwa, mwanga umezidi. Likigeuka kahawia nzito na shina lake likirefuka kuelekea juu, mwanga haujatosha. Tumbawe la kahawia linaweza kungoja marekebisho kwa wiki kadhaa. Lililopauka halina muda huo. Ukikosea, basi kosea upande wa giza.

Neno moja kuhusu umeme, kwa wanaoishi mahali unapokatika mara kwa mara. Matumbawe huvumilia siku moja au mbili bila taa bila madhara makubwa. Kinachoua mapema ni pampu kusimama: maji yasipozunguka, oksijeni huisha ndani ya saa chache. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ni kinga ya kwanza, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya taa.

Maji matamu kabla ya chumvi

Mwaka 1884 mkemia William Dittmar alichapisha matokeo ya uchambuzi wa sampuli 77 za maji zilizokusanywa na meli ya utafiti ya Challenger katika bahari za dunia. Aligundua kwamba wingi wa chumvi hutofautiana kutoka mahali hadi mahali, lakini uwiano wa madini makuu ndani ya chumvi hiyo haubadiliki kwa kiasi cha maana. Uthabiti huo ndio unaowezesha kiwanda kufunga bahari ndani ya gunia. Ukichanganya chumvi ya akwaria kwa kiwango sahihi, madini karibu yote yanakuja katika nafasi zake.

Ila gunia linaleta chumvi tu; maji unaleta wewe. Maji ya bomba huwa na klorini, na mara nyingi naitreti, fosfeti na silika pia. Yakipita kwenye mabomba ya shaba huokota shaba, ambayo kwa kiasi kidogo tu huua kamba, konokono na matumbawe yenyewe. Maji ya visima vya pwani mara nyingi yana chumvi yake tayari, isiyo na mpangilio unaoutaka. Kwa hiyo tumia maji yaliyopita kwenye chujio la osmosisi na kumaliziwa na resini, mpaka kipimo cha TDS, yaani cha vitu vilivyoyeyuka majini, kisome sifuri. Mtu anayeishi Nairobi, Kampala au Toronto hana njia nyingine ya kuaminika.

Anayeishi ufukweni ana njia ya pili. Maji ya bahari yanafaa ukiyachota yakiwa yamejaa, mbali na bandari, mifereji ya mji na midomo ya mito. Masika yakianza, acha: mvua hushusha chumvi na kuteremsha taka za nchi kavu. Yapitishe kwenye kichujio kizuri cha nguo, yapime, ndipo uyatumie.

Lengo ni gramu 35 za chumvi katika kila kilo ya maji, sawa na uzito linganifu wa takriban 1.026. Pima kwa refraktomita. Weka tone moja au mawili juu ya kioo chake, funga kifuniko, angalia kama kuna kiputo cha hewa chini yake, subiri nusu dakika ili joto lilingane, kisha elekeza kifaa kwenye mwanga. Soma pale buluu ya juu inapokutana na nyeupe ya chini. Kirekebishe kwa maji maalumu ya gramu 35. Ukikirekebisha kwa maji matamu peke yake kinaweza kukudanganya pale pale unapokihitaji.

Kisha kuna uvukizi. Maji huondoka, chumvi hubaki. Chukua tangi la lita 150 linalopoteza lita tatu kwa siku mbele ya feni. Ukikaa siku tano bila kujaza, lita 15 zimekwenda na chumvi imepanda kutoka 35 hadi karibu 39. Hapo hakuna aliyeongeza chumvi, na wanyama wote wameumia. Kila siku jaza kilichovukiza kwa maji matamu safi, kamwe si ya chumvi, mpaka alama uliyochora ubavuni mwa tangi.

Feni hiyo hiyo ndiyo rafiki wa mwenye nyumba yenye joto. Maji yakae kati ya nyuzi 24 na 27. Uvukizi unaochochewa na feni hushusha nyuzi mbili au tatu, na mara nyingi hukuepusha na gharama ya mashine ya kupoza.

Namba tatu zinazojenga mfupa

Mifupa ya matumbawe ni kalsiamu kabonati. Watu wa Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar waliijua mali hiyo kabla ya kemia ya shuleni: walichoma matumbawe wakapata chokaa ya kujengea kuta ambazo bado zimesimama. Tumbawe hai huchota kalsiamu na bikabonati majini, likaziunganisha kuwa jiwe.

Kwa hiyo namba za kufuatilia ni tatu. Kalsiamu: miligramu 400 hadi 450 kwa lita, baharini ni karibu 420. Ualkali, ambao ndio akiba ya bikabonati na kabonati na hupimwa kwa digrii ziitwazo dKH: dKH 7 hadi 9 kwa anayeanza, baharini ni karibu 7. Magnesiamu: miligramu 1250 hadi 1350. Magnesiamu huzuia kalsiamu na kabonati zisishikane zenyewe majini kabla tumbawe halijazichukua. Ikishuka sana, utaongeza kalsiamu na ualkali kila siku na hutaona vikipanda, huku ukoko mweupe ukijijenga kwenye pampu na hita.

Kati ya hizo tatu, ualkali ndio wa kuulinda kwa wivu. Hesabu inaonyesha sababu. Mfupa unapojengwa, kwa kila miligramu 20 za kalsiamu zinazoondoka katika lita moja, dKH 2.8 za ualkali huondoka pia. Tuseme tangi letu la lita 150 lilikuwa na 8.4 Jumatatu, na Alhamisi wakati ule ule wa siku lina 7.8. Limetumia 0.6 kwa siku tatu, yaani 0.2 kwa siku. Mwezi mmoja wa kasi hiyo ungetoa dKH 6 kati ya 8.4, na matumbawe yangekuwa hoi kabla hujafika huko. Katika mwezi huo huo kalsiamu ingeshuka kwa miligramu 43 tu kati ya 420. Moja imepungua kwa zaidi ya theluthi mbili, nyingine kwa sehemu moja ya kumi. Anayepima kalsiamu peke yake ataambiwa kila kitu ni salama mpaka siku ya msiba.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Chota mililita tano za maji ya tangi kwa sindano iliyosafishwa, mimina kwenye kichupa, kisha dondosha kitendanishi tone kwa tone huku ukitikisa baada ya kila tone. Katika vifaa vingi vya bei nafuu maji huanza buluu, na tone linalogeuza rangi kuwa njano ndilo la kuhesabu. Tone moja ni dKH moja. Ukitaka usahihi zaidi, chota mililita kumi, na kila tone litakuwa nusu. Shika kichupa mbele ya karatasi nyeupe, na andika namba papo hapo pamoja na tarehe.

Kurudisha kilichochukuliwa

Wengi huamini kubadilisha maji kunatosha. Kwa tangi la matumbawe laini ni kweli kwa kiasi kikubwa: asilimia kumi kila wiki hurudisha madini madogo na kuondoa uchafu. Lakini mifupa ikianza kukua, hesabu inakataa. Tangi letu hupoteza dKH 1.4 kwa wiki. Likifika 7.0 ukabadilisha asilimia kumi kwa maji mapya ya 8.4, utapanda kwa 0.14 tu. Lazima uongeze kwa mkono.

Kuna njia mbili zinazofaa mwanzo. Ya kwanza ni bikabonati ya soda ya daraja la chakula. Gramu tatu hupandisha lita 100 kwa dKH moja, kwa hiyo tangi letu linataka gramu 0.9 kwa siku, chini ya robo ya kijiko cha chai, zikiyeyushwa kwanza katika maji safi. Tumia bikabonati halisi tu. Magadi ya ziwani yanayouzwa sokoni kwa kulainishia maharage ni mchanganyiko mwingine, wenye uchafu usioujua. Upande wa kalsiamu hujazwa na myeyusho wa kalsiamu kloridi. Viwili hivi visitiwe kwa pamoja. Vikikutana vikiwa vizito majini huganda kuwa vumbi jeupe, na umepoteza vyote viwili.

Njia ya pili ni ile ya Berlin, maji ya chokaa: kalsiamu hidroksidi safi iliyokorogwa ndani ya maji yaliyochujwa na kuachwa itulie, kisha maji maangavu ya juu ndiyo yanayotumika. Uzuri wake ni kwamba huleta kalsiamu na ualkali kwa uwiano ule ule ambao mfupa unavitumia. Robo lita ya maji hayo yaliyokolea hutosha siku moja ya tangi letu. Hatari yake ni pH inayozidi 12: huchoma ngozi na macho, na ukimimina kwa mkupuo huua. Iingie kwa matone, usiku, mahali penye mkondo. Chokaa ya kupaka ukuta haifai.

Njia yoyote utakayochagua, usipandishe ualkali zaidi ya dKH moja kwa siku hata kama umeukuta chini. Tumbawe lililozoea 7.2 kwa miezi lina afya kuliko linalorushwa kati ya 7 na 10 kila wiki.

Kuhusu pH, ipime lakini usiikimbize. Mchana mwani hula kaboni dioksidi na pH hupanda, usiku hushuka, kutoka 7.9 hadi 8.3 ni pumzi ya kawaida ya tangi. Ikiwa chini siku zote na ualkali ni mzuri, fungua dirisha, kwani hewa ya chumba kilichofungwa imejaa kaboni dioksidi ya wakazi wake.

Naitreti na fosfeti zinatokana na chakula cha samaki. Naitreti ikae kati ya miligramu 2 na 10 kwa lita, fosfeti kati ya 0.03 na 0.1. Zikizidi, mwani mbaya hufunika mawe. Lakini usizishushe hadi sifuri: mwani ulio ndani ya tumbawe nao unazihitaji, na tangi lililosafishwa kupita kiasi hukaribisha ute wa kahawia ulio mgumu kuondoa.

Mpangilio wa miezi ya kwanza

Wiki za kwanza nne hadi sita ni za bakteria, kama tulivyoona katika sura ya tatu. Taa kali haina kazi hapo. Itaotesha mwani tu. Amonia na naitraiti zikisoma sifuri, ingiza matumbawe laini mawili au matatu, taa ikiwa kwenye asilimia 30. Ukiyashika yale ya jamii ya Zoanthus na Palythoa vaa glavu, maana baadhi yao hubeba sumu kali iitwayo palitoksini. Nunua vipande vilivyooteshwa na wafugaji. Usivunje mwambani: matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES na hayavuki mpaka bila kibali, na mwamba ulionusurika 1998 hauna cha kupoteza kwa ajili ya sebule ya mtu.

Pima chumvi na ualkali mara mbili kwa wiki, kalsiamu na naitreti mara moja, magnesiamu mara moja kwa mwezi. Ualkali ukitulia wiki tatu mfululizo, ndipo upandishe taa au uongeze tumbawe lenye mfupa, kimoja kwa wakati. Baada ya kila badiliko pima upya matumizi ya siku, kwa sababu yatakuwa yamebadilika: mwanga zaidi, ukuaji zaidi, ualkali zaidi unaotakiwa. Kama huwezi kuyajaza matumizi mapya kila siku, rudisha taa ilipokuwa.

Na kama fedha ni ya kuchagua, nunua taa ya wastani pamoja na kipimo kizuri cha ualkali. Taa ghali bila kipimo itakuza matumbawe kwa kasi mpaka ualkali uyaishie, nawe hutajua umeisha lini. Taa ya wastani inayofuatiliwa kwa daftari na kichupa itakupa tangi linalozidi kujaa mwaka hadi mwaka, na vipande vya kumgawia jirani anayetaka kuanza.